Likizo ya Mlimani na Haki ya Mama wa Nyumba



Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu zangu wasomaji, wiki hii sitaandika juu ya masuala ya fiqhi kama ilivyo ada yangu. Nitawasimulia safari. Wanavyuoni wetu wametueleza kwamba safari imeitwa kwa jina hilo kwa kuwa huzifichua tabia za watu, na mimi ni shahidi, kwani tabia iliyofichuka ilikuwa yangu.

Mwaka jana mama watoto alishikwa na presha. Siku moja alianguka jikoni mwetu hapa Mombasa, chungu kikiwa bado motoni. Daktari akampa dawa, kisha akasema kwamba nusu ya dawa ni mapumziko. Binti yetu mkubwa, anayeishi Vienna nchini Austria pamoja na mumewe na watoto wao wanne, aliposikia habari hiyo alituita tukae kwao mwezi wa Julai, kisha sote twende milimani.

Jamaa zetu wa Muscat hupenda kwenda Zell am See, mji wa ziwa na milima huko huko Austria, ambao wakati wa kiangazi hujaa familia za Ghuba. Tulipouliza bei tukanyamaza. Ndipo jirani wa binti yetu, mwanamke wa Kiislamu kutoka Bosnia, akamwambia: wapelekeni wazee Bjelašnica.

Jina hilo sikuwahi kulisikia. Bjelašnica ni mlima ulio kusini-magharibi mwa mji wa Sarajevo, na kilele chake kina urefu wa mita 2,067. Mwaka 1984 Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ilifanyika Sarajevo, na wanaume walioshindana kuteleza thelujini kwenye miteremko walishindana katika mlima huu, na wanawake katika mlima wa jirani, Jahorina. Miaka minane baadaye vikaja vita vya 1992 hadi 1995, na vijiji kadhaa vya mlimani vikachomwa moto. Leo zimejengwa hoteli na nyumba za kupangisha chini ya mteremko. Wakati wa baridi hujaa watelezaji, na wakati wa kiangazi majani huwa mabichi, kondoo hutapakaa malishoni, na bei hushuka.

Tulitoka Vienna alfajiri kwa gari, watu tisa, tukapita Slovenia na Kroatia, tukaingia Sarajevo usiku. Kesho yake tuliswali adhuhuri katika msikiti wa Gazi Husrev-beg, uliojengwa mwaka 1531. Madrasa yake, iliyoasisiwa mwaka 1537, hadi leo inasomesha. Kando ya msikiti pana mnara wa saa unaofuata hesabu ya zamani: jua linapotua, mishale husimama kwenye saa kumi na mbili. Mjukuu wangu aliyezaliwa Ulaya, ambaye kila siku hunibishia kwamba saa zetu za Kiswahili zimepinduka, aliutazama mnara ule kwa muda mrefu asiseme neno.

Jioni tukapanda mlimani, tukaingia katika nyumba ya vyumba vitatu na jiko. Hapo ndipo kosa langu linapoanzia.

Ndugu zangu, mimi bila wali sishibi. Kabla hatujatoka Vienna nilikuwa nimetia garini kilo tano za mchele, iliki, mdalasini na makopo ya tui. Nilijiona mtu wa busara, kwani nimewaepusha jamaa zangu na gharama za mikahawa na shaka ya nyama. Sikujiuliza hata mara moja mchele ule utapikwa na nani.

Siku ya kwanza mama watoto alipika pilau, na wajukuu wakashangilia. Siku ya pili wakataka chapati za bibi. Binti yangu hufanya kazi ya usiku hospitalini, amechoka, na mama yake akamwambia, lala mwanangu, mimi nipo. Mkwe wangu aliwachukua watoto kupanda viti vinavyoning'inia kwenye waya hadi juu mlimani. Mimi nilikaa barazani na kitabu changu, upepo mtamu, nikimshukuru Mola kwa neema ya mapumziko. Kila nilipogeuka nilimwona mke wangu dirishani, kichwa kimeinama juu ya sinki.

Usiku wa tatu, baada ya isha, ambayo mwezi wa Julai huko huingia baada ya saa nne usiku, nilimkuta amekaa kitandani hajavua ushungi. Nikamuuliza kama amemeza dawa. Akasema:

"Nimemeza. Lakini nikuulize, Mwalimu. Hapa na Mombasa pana tofauti gani? Kule jikoni mwangu najua kila kitu kilipo. Hapa hata kisu hakikati."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningepata la kujibu. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa, kisha akajilaza na kunigeuzia mgongo.

Sikulala. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimewasomesha watu hadithi ya Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, akajibu kwamba alikuwa katika utumishi wa watu wa nyumba yake, na wakati wa swala ulipofika hutoka kwenda kuswali. Nimeisherehesha mimbarini na katika karamu za harusi. Nimewasomesha pia jinsi Mtume alivyomkumbusha Abdullah bin Amr kwamba mwili una haki, macho yana haki, na mke ana haki. Nikajaribu kukumbuka ni lini nimeosha kikombe katika nyumba yangu. Nikarudi nyuma mwaka hadi mwaka, nisikumbuke.

Baada ya swala ya alfajiri niliingia jikoni. Sitawaficha: chai ilichacha juu ya jiko, na mayai yaliungua upande mmoja. Kijana wangu wa mwisho aliamka kwa harufu, akaniona nimeshika kikaango, akauliza kwa hofu, "Mama mgonjwa?" Swali hilo lilinichoma kuliko maneno ya mamake. Mwanangu wa miaka kumi na saba alijua sababu moja tu ya baba yake kuingia jikoni.

Asubuhi ile tuligawana kazi. Wanaume tukachukua asubuhi na vyombo vyote. Chakula cha mchana kikanunuliwa. Cha usiku kikawa mkate, jibini, matunda na supu. Mchele ukabaki mfukoni. Mama watoto alipinga siku nzima, akizunguka jikoni kama aliyenyang'anywa kitu. Nikafahamu kwamba mtu aliyetumika muda mrefu hupumzika kwa kujifunza, wala haimjii mara moja.

Siku ya sita tulikwenda Lukomir, kijiji kilicho karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, juu ya bonde refu la mto Rakitnica. Nyumba zake ni za mawe, mapaa yake yameinuka sana ili theluji iteremke, na wakati wa baridi barabara hufungwa. Wenyeji wake ni Waislamu wafugaji. Mama mmoja mtu mzima, kilemba kichwani na soksi za sufi alizozifuma mwenyewe, alituandalia pita, ambayo ni unga mwembamba kama manda ya sambusa uliosokotwa kwa jibini na kwa viazi. Kisha akaleta kahawa katika dele dogo la shaba, na vikombe ambavyo wao huviita fildžan, navyo ndivyo finjani zetu. Kando yake akaweka kitamu laini mfano wa halua, kinachoitwa rahat-lokum.

Tulipomaliza, mama watoto akainuka kukusanya vyombo, kama mkono wake ulivyozoea. Mwenyeji wetu akamwekea mkono begani, akamkalisha, akasema: "Rahat, rahat."

Mke wangu alinitazama. "Kumbe ni raha," akasema, akacheka. Akakaa pale akitazama bonde hadi alasiri, na hakuna aliyemwita.

Kwa familia zitakazopenda kwenda huko, nina nasaha chache. Mwenye pasipoti ya Kenya na aulize habari za viza mapema, kwani Bosnia haimo katika Umoja wa Ulaya. Fedha yao ni marka, na yuro moja ni karibu marka mbili. Chukueni nguo za baridi, hata mwezi wa Julai. Msiache njia zenye alama, kwa kuwa bado yapo mabomu yaliyotegwa ardhini wakati wa vita. Swali kuhusu halali haliondoki hata katika nchi ya Waislamu, basi ulizeni. Na mwenye kunuia kukaa siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, katika madhehebu yetu ya Shafi huswali swala zake kamili.

Lakini asiyekuwa na uwezo wa Ulaya asihuzunike. Milima ya Taita iko karibu nasi, na hata nyumba ya shangazi kijijini yatosha. Kabla ya kufunga mizigo, kaeni pamoja muulizane: katika mapumziko haya, nani atapika, na nani ataosha?

Tumerudi Mombasa. Presha ya mama watoto bado hupanda na kushuka. Siku ya Ijumaa na Jumamosi mimi na kijana wangu ndio wenye jiko. Baadhi ya marafiki zangu wa barazani wamenicheka, na mmoja amekuja kwa siri kuniuliza wali unatiwa maji kiasi gani.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape mama zetu na wake zetu afya na raha katika nyumba zao, na atusamehe sisi tuliochelewa kuona. Amin. Wallahu aalam.