Kwanza Jiulize: Ni Wapi?

Moshi

Kwako mwanangu mpendwa,

Bibi yako ameniagiza nikuulize kama unakula. Baba yako amenisimulia kwamba somo la mfumo wa neva linakukosesha usingizi, majina hayaishi, na umeanza kujiuliza kama ulikosea kuchagua uuguzi. Hukukosea. Miaka yote hii ninawafanyisha mazoezi wagonjwa wa kiharusi na wa uti wa mgongo, na kazi hiyo imenionyesha jinsi somo hili linavyotaka kusomwa.

Somo la neva ni somo la mahali. Kabla ya kutaja ugonjwa, sema kwanza hitilafu imekaa wapi: ubongoni, kwenye shina la ubongo, kwenye uti wa mgongo, kwenye neva zinazotoka humo, au kwenye msuli wenyewe. Ukishajua ni wapi, orodha ya magonjwa inapungua yenyewe.

Chukua lalamiko moja tu: "Miguu haina nguvu." Nitakuletea wagonjwa watano wenye lalamiko hilohilo.

Wa kwanza ni mzee mwenye presha. Ghafla mkono na mguu wa kulia vimelegea, mdomo umepinda, na maneno hayatoki. Hitilafu yake itafute kwenye ubongo wa kushoto. Njia kuu ya mwendo huvuka kwenda upande wa pili sehemu ya chini kabisa ya shina la ubongo, na kwa watu wengi lugha hukaa kushoto. Mwaka 1861, huko Paris, daktari Paul Broca alichunguza ubongo wa marehemu ambaye kwa miaka mingi alielewa anachoambiwa lakini hakuweza kutamka zaidi ya "tan". Alikuta sehemu ya mbele upande wa kushoto imeharibika.

Wa pili ni kijana ambaye mgongo umemuuma kwa miezi. Miguu yote miwili imekakamaa na mkojo unasumbua. Ukimpitishia pamba kutoka mguuni kupanda juu, anaanza kuihisi anapofikiwa kitovuni. Usoni na mikononi hana shida. Kitovu kinahudumiwa na neva ya 10 ya kifua, kwa hiyo uti wa mgongo umebanwa usawa huo au juu yake kidogo. Kwetu huku, TB ya mgongo usiiache nje ya hesabu.

Wa tatu ni mama mwenye kisukari cha muda mrefu. Nyayo zilianza kuwaka moto usiku, sasa zina ganzi iliyoishia pale soksi inapoishia, miguu yote sawasawa. Zilizoumia ni neva za nje, na zile ndefu huumia kwanza. Ndiyo maana nyayo hutangulia vidole vya mikono.

Wa nne na wa tano ni watoto, na hapo ndipo wengi huchanganyikiwa. Mmoja aliugua polio: mguu umelegea na kukonda, na ukigonga goti kwa nyundo hakuna kinachoruka. Virusi viliua seli za uti wa mgongo zinazoamrisha msuli moja kwa moja. Mwingine ana konzo, ugonjwa uliowahi kuzuka hapa Tanzania, Msumbiji na Kongo, hasa wakati wa njaa, watu wanapokula mihogo michungu ambayo haikulowekwa na kukaushwa vya kutosha, tena bila kitoweo cha protini. Miguu yake miwili imekaza, magoti yanagongana akitembea, na ukigonga goti mguu unaruka kwa nguvu. Njia iliyoumia kwake ni ile inayoteremka kutoka ubongoni. Watoto wote wawili wanachechemea, lakini mahali palipoharibika ni tofauti kabisa.

Umeona kwamba hatujagusa mashine hata moja? Tumetumia nyundo ya mpira, kipande cha pamba na maswali. Kesho na keshokutwa utapangiwa zahanati ambayo kipimo cha CT kiko umbali wa siku nzima ya basi. Ukijua ni wapi, utajua nani apelekwe hospitali usiku huohuo na nani anaweza kungoja kliniki ya Jumatatu.

Sasa namna ya kusoma. Acha kupaka rangi mistari ya kitabu. Chukua karatasi tupu, chora njia tatu kwa mkono wako, kisha zichore tena bila kuangalia: njia ya mwendo, njia ya maumivu na joto, na njia ya mtetemo na kujua kiungo kimekaaje. Kila moja iwekee alama pale inapovuka. Ya maumivu na joto huvuka mapema, karibu na inapoingia uti wa mgongo. Nyingine mbili huvuka kwenye shina la ubongo. Ukizishika hizo tatu, nusu ya maswali ya mtihani yatakuwa yamejijibu. Na siku ya kushika ubongo maabara, usisimame nyuma ya wenzako. Ushike, uugeuze, uutafutie neva zake 12 za kichwa.

Tarakimu nazo usizimeze tu. Kwa miaka mingi vitabu viliandika kwamba ubongo una nyuroni bilioni 100. Mwaka 2009 Suzana Herculano-Houzel na wenzake huko Brazil walichapisha hesabu yao: waliusaga ubongo ukawa kama supu, wakahesabu viini vya seli, wakapata nyuroni takriban bilioni 86. Hata seli saidizi, zilizodaiwa kuzidi nyuroni mara kumi, zilikuwa karibu sawa nazo. Mwalimu akikutajia namba, muulize kwa adabu ilihesabiwaje.

Liko jambo jingine ambalo maabara haitakufundisha. Kule Mahenge, kuanzia miaka ya 1960, daktari Louise Jilek-Aall aliendesha kliniki ya kifafa kwa watu ambao jamii iliogopa hata kuwagusa, ikiamini mate yao yanaambukiza. Mtu akiangukia moto, aliachwa aungue. Kifafa hakiambukizwi kwa mate. Utafiti wa baadaye umekihusisha kifafa kingi cha maeneo hayo na usubi, na kwingineko nchini kipo kinachotokana na mayai ya tegu wa nguruwe. Hayo yanazuilika kwa dawa za kinga, vyoo na nguruwe kufungiwa bandani. Mama atakayekuletea mtoto mwenye degedege akiwa ameanzia kwa mganga, usimgombeze. Mlaze mtoto ubavu, usimtie kijiko mdomoni, angalia saa, mpime sukari na malaria. Akishatulia, mweleze mama kilichotokea kwa lugha anayoielewa, ili safari ijayo aanzie kwako.

Nimalizie kwa mgonjwa wa sita, na huyu ni wako. Kijana amechomwa kisu mgongoni. Mguu wa kulia hauna nguvu, na ukimkunja kidole gumba cha mguu huo akiwa amefumba macho, hajui kimeelekea juu au chini. Mguu wa kushoto una nguvu zote, lakini hausikii sindano wala baridi ya barafu. Kisu kimekata upande gani wa uti wa mgongo, na kwa nini? Usifungue kitabu. Chora zile njia tatu, kisha uniandikie jibu pamoja na mchoro. Bibi naye anangoja jibu lake la chakula.

Wasalaam,
Shangazi yako