Wimbo Usiokwisha: Barua kwa Mpwa

Mpwa mpendwa,

Swali ulilomuuliza mchungaji kwenye matanga ya Bibi bado linazunguka kijijini: watu wakiimba mbinguni miaka elfu kumi, hawatachoka? Shangazi zako walikukemea. Mjomba wako anayekuandikia alicheka kichinichini, kisha usiku akakosa usingizi.

Swali hilo lina wenyewe. Mwaka 1922 Karel Čapek, mwandishi wa Prague, alitoa tamthilia kuhusu Elina Makropulos, binti wa tabibu wa Kaizari Rudolf wa Pili. Baba mtu alimnywesha dawa ya kurefusha maisha kwa miaka 300, naye akaishi kweli, akihama nchi na kubadili majina, ila kila jina huanza na E na M. Ni mwimbaji asiye na mfano. Lakini kwake kuimba na kunyamaza vimekuwa mamoja, na karatasi yenye maelekezo ya kutengeneza dawa hiyo inaporudi mikononi mwake haina ladha tena. Msichana mmoja anaichoma moto.

Mwanafalsafa Mwingereza Bernard Williams aliichambua hadithi hiyo katika insha iliyotoka kitabuni mwaka 1973. Hoja yake inauma: ukibaki na tabia yako ileile, ipo siku kila kinachoweza kumgusa mtu wa aina yako kitakuwa kimekwisha kukugusa; ukigeuka kabisa, basi anayeishi si wewe.

Mjomba haamini kwamba Elina alichoshwa na miaka peke yake. Hebu mtazame: rika lake lote limezikwa, na kijana wa uzao wake mwenyewe anamtongoza bila kujua ni damu yake! Hana hata mmoja wa kumwita kwa jina alilopewa utotoni.

Hapo ndipo John Mbiti anapofaa. Mzaliwa huyo wa Kitui, padri wa Kianglikana aliyefundisha Makerere, aliandika kitabu mwaka 1969 na kukijenga juu ya maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani. Marehemu anayekumbukwa kwa jina na waliomjua bado yumo katika Sasa. Ni mfu aliye hai, ana watu wake. Vizazi vinne au vitano vikipita, akafa wa mwisho aliyemjua, naye huzama katika Zamani. Mwanafalsafa Kwame Gyekye wa Ghana alimbishia Mbiti kuhusu dhana yake ya wakati, na kwa haki. Hili la jina, hata hivyo, limemganda mjomba wako.

Kuhusu wimbo wenyewe wa mbinguni, Gregori wa Nisa, askofu wa karne ya 4, alifundisha kwamba Mungu hana mwisho, hivyo anayemjongea hafiki akaketi. Kila hatua huzaa hamu ya nyingine. Si kiitikio kilekile, basi. Jibu hilo linamfunga Williams nusu mdomo tu, maana hamu isiyotulia nayo ina adha yake.

Ukija Desemba, beba daftari. Mjomba alijaribu kuandika majina ya ukoo kurudi nyuma, akakwama kwa babu wa sita. Upande wa Bibi alifika wa tatu tu, na aliyejua zaidi ndiye aliyezikwa juzi. Dada yake bado yupo. Mwendee asubuhi, kabla jua halijamchosha.

Mjomba wako