Uzito wa Kope

Washairi wa pwani hawakuwa na sifa nyingi kwa jicho la kukodoa. Walilolisifu ni jicho la kurembua, jicho legevu mithili ya lenye usingizi, kope zake zimekuwa nzito kwa wanja na haya. Ajabu ni kwamba uzito huohuo ndio unaompeleka mtu wa makamo kwa mpasuaji, alipe fedha nyingi auondolewe.

Kisu kilifika kwenye kope kwa dharura kabla hakijafika kwa urembo. Abu al-Qasim al-Zahrawi, tabibu wa Andalusia wa zama za mwaka 1000, alieleza namna ya kukata ngozi ya kope ili nywele zake zisichome mboni. Hadi leo wagonjwa wa vikope nchini Tanzania hupasuliwa kwa sababu iyo hiyo. Mwaka 1926 daktari Suzanne Noël wa Ufaransa alichapisha kitabu kilichotetea upasuaji wa urembo kwa hoja ya riziki: mwanamke mwenye uso uliochoka alikuwa hatarini kupoteza kazi. Hoja hiyo si ya kubezwa. Wanaowacheka waliopasuliwa aghalabu ni wale ambao chakula chao hakitegemei uso.

Kosa lilikuwa katika kuuelewa ujana wenyewe. Kwa miongo mingi wapasuaji walidhani jicho changa ni jicho lililokazwa. Wakakata ngozi, wakaondoa na mafuta yaliyo chini yake. Wapo waliotoka na macho yaliyobonyea kama ya mtu aliyeugua siku nyingi. Wapo ambao kope hazikufumba tena sawasawa, jicho likalala wazi na kukauka. Wengine kope ya chini ilivutwa, na umbo la lozi likageuka duara. Kumbe jicho la kijana limejaa! Ndiyo sababu siku hizi wengi hukata kwa uchache, na mafuta ya kope ya chini, badala ya kutupwa, mara nyingi huhamishwa yakajaze bonde lililo juu ya shavu.

Ngozi ya kope ni nyembamba kuliko ngozi yote ya mwili. Mpasuaji makini humketisha mtu kitako, macho wazi, akaichora kwa wino kabla ya kumlaza. Kwani mtu akilala chali kope hupoteza uzito wake, na kipimo hupotea nao.