Picha za mpira usiku: lenzi kwanza, programu baadaye

Leo tuweke kando kidogo mambo ya kuandika programu, tuzungumze kamera.

Watu wakiona picha nzuri ya mpira iliyopigwa usiku, swali la kwanza huwa ni hili: umeisafisha kwa programu gani? Swali zuri, lakini mimi naliweka la pili. La kwanza ni: mwanga kiasi gani uliingia kwenye kamera? Programu hufanya hesabu juu ya mwanga uliopokewa. Ule ambao haukuingia, hakuna programu itakayourudisha.

Mimi nilijifunzia kwenye mechi za Ramadhani hapa Mombasa. Wenyeji wanajua, mwezi ule mpira huhamia usiku. Baada ya tarawehe viwanja vya mitaa hujaa, na mechi huendelea mpaka daku inakaribia. Uwanja wetu ni wa vumbi na taa ni chache: upande mmoja LED, upande wa pili zile za zamani za sodiamu zenye mwanga wa manjano. Vijana wanacheza kufa na kupona, na kesho yake kumbukumbu iliyobaki ni video za simu ambazo humtambui mtu ndani yake. Ninayo Canon ya mtumba, nikaona niifanyie kazi.

Tuanze na hesabu. Mchezaji anayetimka mbio huweza kufikia mita 8 kwa sekunde. Shata (kile kipazia kinachofunguka kuingiza mwanga) ikiwa wazi kwa 1/60 ya sekunde, mtu huyo amesogea sentimita 13. Uso wote umekuwa moshi. Kwa 1/500 amesogea sentimita 1.6 tu, na hapo unamtambua. Shida ni kwamba 1/500 inaingiza mwanga mdogo mara nane hivi kuliko 1/60, na usiku mwanga wenyewe ulikuwa haba tangu mwanzo.

Wengi hukimbilia kupandisha ISO. ISO haiongezi mwanga. Ni kama redio inayoshika stesheni kwa mbali: ukiongeza sauti, mtangazaji anasikika zaidi na mkwaruzo nao unasikika zaidi. Mkwaruzo wa picha ndio zile chenga tunazoziona kwenye sehemu zenye giza. Chanzo chake kikubwa ni mwanga wenyewe, kwa sababu hufika kwa chembechembe zinazoitwa fotoni, bila mpangilio, kama matone ya mvua. Sehemu ikipokea wastani wa fotoni 100, hesabu hupanda na kushuka kwa 10 hivi, yaani asilimia 10. Ikipokea 10,000, hupanda na kushuka kwa 100, asilimia 1 tu. Kwa hivyo dawa ya kwanza ya chenga ni fotoni nyingi zaidi.

Hapa ndipo lenzi inapoingia. Lenzi nyingi zinazouzwa pamoja na kamera, ukizivuta mpaka mwisho, tundu lake hufikia f/5.6. Lenzi ya 50mm yenye f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi zaidi ya hiyo (gawanya 5.6 kwa 1.8, halafu uzidishe jibu kwa lenyewe). Haivuti karibu, kwa hivyo lazima uende karibu wewe mwenyewe. Mimi hukaa nyuma ya mstari wa goli, kando ya mlingoti, na kusubiri mchezo uje. Nusu ya mechi inakupita, lakini ile nusu nyingine unaipata.

Jambo la tatu ni taa. Umeme wetu Kenya ni wa hezi 50, na taa nyingi za uwanja huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Ukipiga kwa 1/500 unakata kipande cha moja kwa tano cha mpigo mmoja wa taa. Ndiyo maana ukipiga picha tano mfululizo, moja ina mwanga, ya pili ina kiza, ya tatu imegeuka rangi. Tangu Canon EOS 7D Mark II ya 2014 zimekuja kamera zinazougundua mpigo huo na kusubiri kilele chake. Yangu haina. Napiga mfululizo na kuchagua.

La mwisho kabla ya kuondoka uwanjani: piga RAW. Faili la JPEG lina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi. RAW ya biti 14 ina ngazi 16,384. Ukija kuinua sehemu za giza nyumbani, hiyo ndiyo akiba utakayoila.

Sasa tuje kwenye programu.

Lightroom ya Adobe, iliyotoka 2007, ndiyo wengi wanayoitaja. Niliijaribu kwa siku saba za bure, na haki yake nitaipa: ni nyepesi kujifunza, na kile kifaa cha kuondoa chenga kilichoongezwa Aprili 2023 kinafanya kazi nzuri sana, ingawa kinataka tarakilishi yenye nguvu. Lakini toleo la mwisho kuuzwa kwa malipo ya mara moja lilikuwa Lightroom 6 la 2015. Baada ya hapo ni kulipa kila mwezi. Ukiacha kulipa, Lightroom Classic bado inakufungulia picha zako na unaweza kuzitoa, ila sehemu ya kuzihariri inafungwa.

darktable ilianza 2009. Ni programu huria, haina malipo, inakwenda kwenye Linux na Mac, na tangu 2017 kwenye Windows pia. Haina upole kwa mgeni. Siku ya kwanza utadhani umeketishwa kwenye kiti cha rubani. Ila ina njia ya kupunguza chenga iliyopimwa kwa kila aina ya kamera na kwa kila ISO, na kwa picha zangu hiyo inatosha. RawTherapee, iliyofunguliwa msimbo wake 2010, ni ndugu yake mzuri pia. GIMP ni ya kazi nyingine: yenyewe haisomi RAW, inaitegemea mojawapo ya hizo mbili kuifungulia.

Mimi nimechagua darktable, na sababu kubwa si bei. Ni swali moja ambalo sisi waandishi wa programu tunapaswa kuliuliza kila mara: ufunguo wa kazi yangu ya jana anao nani? darktable haigusi faili la asili. Kila nilichokifanya inakiandika kwenye faili dogo la XMP kando ya picha. Kusema kweli programu nyingine haiwezi kuzifuata hatua zote hizo. Lakini darktable yenyewe naweza kuipakua tena leo au kesho, na msimbo wake uko wazi. Waliokuwa wakitumia Aperture ya Apple wanajua ninachosema. Ilitoka 2005, ikatangazwa kusimamishwa 2014, na tangu macOS ya 2019 haifunguki tena.

Kwangu swali hili lilipata jibu mlangoni. Kipa wa timu yetu alipata kazi Qatar, akaondoka baada ya Idi. Ramadhani iliyofuata mamake alinijia na simu mkononi. "Mwanangu, huna picha ya nduguyo akicheza? Hii hapa naona jezi tu, uso siuoni."

"Ninayo, mama. Nipe mpaka kesho."

Tarakilishi niliyoihariria picha ile nilikuwa nimeshaiuza. Nikaweka darktable kwenye hii mpya, nikafungua folda ya mwaka uliopita, na kazi yote ikawa pale pale nilipoiachia. Kijana yuko hewani, vidole vimegusa mpira, macho yamekodoka. Alikuwa upande wa taa za sodiamu, ambazo karibu mwanga wake wote ni manjano, kwa hivyo buluu ya jezi haikuwahi kufika kwenye kamera. Nikaigeuza iwe nyeusi na nyeupe. Chenga nikaziacha kidogo, maana kwenye karatasi hupungua kuliko kwenye kioo. Imechapishwa sentimita 30 kwa 45 na iko sebuleni kwao. Wageni wakiingia wanaonyeshwa kabla ya chai.

Kuhusu pesa, nitawapa mfano wa bei za kutangazwa Marekani. Lenzi ya Canon 50mm f/1.8 STM ilitoka 2015 kwa dola 125. Mpango wa Adobe wa wapiga picha kwa miaka mingi ulikuwa dola 9.99 kwa mwezi, yaani karibu dola 120 kwa mwaka, na tangu Januari 2025 wateja wapya hawauziwi tena kwa bei hiyo. Basi hela ni zile zile: ama mwaka mmoja wa programu, ama lenzi utakayokaa nayo mpaka uichoke.

Ukiwa na fungu moja tu, nunua lenzi. Anza na 1/500, f/1.8, RAW, na ISO iende inakotaka. Programu chukua ya bure kwanza, uizoee msimu mmoja. Ukiona imekushinda, ya kulipia haitoroki. Na nakala za RAW weka mahali pawili, kwa sababu hujui ni mama wa nani atakayebisha hodi mwakani.