Rangi ya Shosho

Shosho alipofariki, kazi ya kutengeneza kijitabu cha mazishi niliachiwa mimi. "Si wewe ndiye wa kompyuta," shangazi alisema. Kwenye monita yangu ya mtumba picha yake ilikuwa na umanjano, kama mtu anayeugua ini. Nikaongeza buluu mpaka akapendeza, nikaituma kwa grupu ya familia. Shangazi akapiga simu.

"Mbona umemfanya kijivu hivi?"

Nikaifungua kwa simu. Kweli, alikuwa kijivu. Kumbe picha haikuwa na shida tangu mwanzo. Windows ilikuwa imeipa monita profaili ya rangi isiyo yake, yaani ile faili inayoiambia kompyuta jinsi skrini inavyoonyesha rangi. Hata kuta nyeupe kwenye picha zangu zingine zilikuwa za manjano, nilizoea tu. Nikaingia kwa mipangilio ya rangi, nikaitoa, nikaweka sRGB, kiwango kilichoanza 1996. Nikafunga programu, nikaifungua upya.

Nikarudi kwa picha ya kwanza, ile sijagusa. Shosho alikuwa hapo, maji ya kunde, akitabasamu. Nikamwacha vile alivyo.