Frigo gani kwa jiko jipya?

Tangu tulipoanza kupiga saruji jikoni, wengi wenu mnatuuliza: mtanunua frigo gani? Jibu lilituchukua miezi miwili.

Jiko letu lilikuwa nje, chini ya mabati, na mbabula na moshi wake. Sasa liko ndani, lina meza ya matofali na prizi mbili. Zamu yetu ya likelemba ilipofika, baba wa watoto alitaka kongelateri, ile ya kulala yenye mlango juu. Sababu zake ni nzuri. Mshahara wa mwalimu mnaujua. Tungeuza barafu na maji baridi, tungewawekea majirani samaki waliobaki sokoni. Tena hewa ya baridi ni nzito: mlango ukiwa juu, haimwagiki ovyo. Kongelateri iliyojaa, isipofunguliwa, inalinda baridi karibu masaa 48 umeme ukikatika. Frigo ya kawaida ni masaa 4 hivi.

Lakini nyumbani kuna mama mkwe, naye anajidunga insulini. Dawa hiyo inawekwa kwenye digri 2 mpaka 8. Ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Kongelateri ingeleta pesa na kuua dawa. Tulibishana jioni nyingi, mpaka yeye mwenyewe akasema: "Wanangu, nunueni ya biashara. Dawa yangu itakaa kwenye mtungi kama zamani."

Mtungi wa udongo unapoza kwa maji yanayokauka, kwa hiyo unafaa zaidi penye hewa kavu. Hapa kwetu msituni hewa imejaa maji. Chupa iliyofunguliwa inaweza kukaa nje ya frigo wiki nne hivi, mbali na joto kali. Zile zisizofunguliwa ndizo zinazotaka baridi, na sisi tunanunua za miezi miwili pamoja, maana haipatikani kila juma.

Basi tulichukua frigo ndogo ya milango miwili, juu friza, chini frigo. Mpya. Okazyoni ya Ulaya ni nafuu, na wako wanaoapa kwamba ni imara kuliko mpya za leo, hatuwapingi. Mkienda kuitazama, fungeni karatasi kwenye mlango kisha muivute. Ikitoka bila kushikwa, mpira umechoka. Tuliongeza na stabilizateri, ambayo umeme ukirudi inangoja dakika chache kabla ya kuupeleka kwenye kompresa. Hiyo ilikula pesa za rangi, ndiyo maana mtakuta ukuta bado ni saruji tupu.

Tuliisafirisha ikiwa wima, tukaiacha masaa kadhaa bila kuichomeka ili mafuta ya kompresa yatulie. Watoto waliona ni mateso. Nyuma yake tumeacha nafasi ya kiganja ili ipumue.

Friza tumeijaza chupa za maji. Umeme ukikatika, mbili zinashushwa chini, zisiguse dawa. Kipimajoto kidogo kimelala pale pale; mama mkwe ndiye anakisoma asubuhi na jioni, na anamkaripia kila anayefungua mlango bila sababu, baba wa watoto akiwemo. Chupa za barafu zinazozidi tunauza Jumamosi. Ni franka kidogo, lakini anazihesabu.