Mota ikizima, taa gani inabaki?

Ndugu wasikilizaji, na ninyi familia ambazo vita iliwatoa makwenu, leo siwaletei habari ya mtu mwingine. Ni yangu.

Mwaka 2024, vita ilipofunga barabara ya Minova kwenda Goma, tulibaki na njia ya ziwa Kivu. Siku moja nilipanda boti ndogo pale Minova. Tulipaswa kuondoka saa nane, lakini walipakia makala na maharagi mpaka saa kumi na moja. Giza likatukuta ziwani.

Ghafla mota ikazima, na taa zote zikazima pamoja nayo. Nahodha akapaza sauti: «Vaeni jile!» Jile zilikuwepo, niliziona mchana. Sasa hakuna aliyejua ziko wapi. Watu wakasimama, wakasukumana upande mmoja, boti ikainama. Mama mmoja akanishika mkono: «Kaka, nitafutie mtoto, simuoni.» Mtoto alikuwa chini ya miguu yake.

Kijana mmoja akawasha tochi ya simu, akaiinua juu. Mwangaza huo mdogo ulitosha. Tuliona mtoto, tukaona jile nyuma ya magunia, watu wakakaa. Baadaye mota ikawaka, tukafika.

Tangu 2019, baada ya ajali ya Kalehe, serikali ilisema jile ni lazima kwa kila msafiri wa ziwa hili. Nimelitangaza redioni mara nyingi. Juu ya taa sikuuliza hata siku moja. Tarehe 3 mwezi wa 10, 2024, boti toka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, mchana, watu wakiiona toka nchi kavu. Wengi walikufa. Ikiwa mchana ni hivyo, usiku je?

Taa ya dharura ni kitu kidogo: iwe na batiri yake, si ya mota, ifungwe juu, maji yasiifikie haraka, iwake yenyewe umeme ukikatika, imulike jile na njia ya kutokea.

Najua anayekimbia risasi hana nafasi ya kuuliza. Kwa hiyo wenye boti na wakaguzi wa bandari waulize kwa niaba yake: kabla ya safari, mota izimwe kwanza, tuone taa gani inabaki.

Mimi sasa sipandi boti bila tochi shingoni.